Mahali pa Kazi

Fomu ina mstari mfupi kama kidole gumba:
Mahali pa kazi.
Nimeshika kalamu ya karani, imefungwa kwa uzi mezani,
nayo inajua mahali pake kuliko mimi.

Ningeandika Mtaa wa Narung'ombe, duka la mapazia la Ngowi,
lakini Ngowi mwenyewe amekaa pale, miguu imepishana,
na wakili wake ameshasema, kwa sauti ya mtu anayekunja shuka,
"Huyu mama hakuwahi kukaa dukani."
Kweli. Nilifika mara mbili:
siku ya kupewa simu, na siku ya kudai mshahara wa Juni.

Dukani wapo watatu. Tumsifu, Hilda, na yule kijana wa kupima vitambaa.
Wana daftari la kusaini, wana stuli, wana choo chenye ufunguo,
wana saa kumi na mbili jioni, geti likishuka kwa kishindo
hata muuza kahawa wa kona anajua kazi imekwisha.
Afisa kazi alipopita mwezi wa tatu
alihesabu stuli, akahesabu vichwa, hesabu ikatimia.
Kichwa changu kilikuwa Mbagala Kizuiani
kikimuuzia mtu wa Tunduma pazia la mita sita.

Mimi geti langu ni kope.
Nalishusha saa saba usiku, simu inalipandisha:
"Mambo. Hiyo ya maua ya zambarau bei gani?"
"Dada, mbona kimya?"
"Mnafungua saa ngapi?"
Sijui tunafungua saa ngapi.
Sijui kama tuliwahi kufunga.

Niandike kitanda, basi? Niandike ngazi ya tatu
ya nyumba ya Mama Shukuru, panaposhika mtandao?
Au benchi la wodi ya watoto, Temeke,
Zawena ana dripu mkononi, mkono wangu mmoja umemshika,
wa pili unatuma picha za mapazia ya sebuleni,
"rangi ipo hadi ya maziwa, mzigo unatoka leo"?
Luku ilikuwa yangu. Bando langu. Shingo yangu.
Simu tu ndiyo ya Ngowi,
na hiyo alikuwa akiipigia kuuliza, "Uko wapi?"
Miaka miwili nilidhani ananijulia hali.

Wakili anafungua kitabu.
Kidole chake chenye pete kinatembea juu ya vifungu.
Anasema kazi ni paa, ni zamu, ni macho ya msimamizi.
Mimi sheria sijaisoma; najua kupima kwa macho, na kujibu.
Ila naujua ujumbe wa saa tano na robo usiku, Idi Pili:
"Ukichelewa tena kumjibu mteja nakukata."
Nikachelewa. Nikakatwa. Elfu kumi na tano.
Sasa nauliza, mheshimiwa, kwa upole wa mtu aliyekunywa chai kavu:
mtu unamkataje, naye si wako?

Msuluhishi, mama mwenye miwani ya kamba, haandiki kitu.
Feni inazunguka na kukwaruza.
Ngowi anatazama viatu.

Na simu, iliyolazwa mezani kama kielelezo namba mbili,
inaanza kutetemeka, inatambaa yenyewe kuelekea kwangu
kama mtoto anayemjua mamaye.
"Samahani, ile ya kijivu bado ipo?"
Naapa sikuutuma mkono. Ulikwenda.
Ipo, karibu sana.

Kimya.
Msuluhishi ananitazama, anatazama saa ya ukutani,
kisha anaisogeza fomu upande wangu.
"Nafasi isipotosha," anasema,
"endelea nyuma ya karatasi."