Kalunguyeye wa Mtaa wa Mostowa

Hadithi ilikuwa tayari tangu Machi:
kurasa kumi na nne, kalunguyeye mmoja
anayekataa kulala majira ya baridi
kwa kuwa hajawahi kuiona theluji,
kila mwaka husimuliwa tu na kunguru.
Niliiandika kwa ajili ya Jagna, mjukuu wangu,
aliyeuliza kuhusu jambo hilo mezani,
kijiko kikiwa bado mdomoni.
Chema chajiuza, husemwa, lakini hakijichori.
Na mimi hata nikichora yai, hudhaniwa kiazi.

Nilikuwa na zloti elfu nne
zilizotengwa kwa dirisha la jikoni.
Nikaliambia dirisha: subiri,
umevujisha upepo miaka tisa,
wa kumi hautakuua.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa pale Toruń,
hodari, hata kucha zake zilikuwa na picha.
Akaniletea mnyama mwenye miiba mirefu
kama sindano za kufumia sweta.
"Huyu," nikasema, "ni nungunungu."
Akasema tofauti ni ndogo.
Ndogo! Mmoja hujikunja kama soksi,
mwingine hutembea na mikuki.

Wa pili alinipigia hesabu kwa simu:
bei ya ukurasa, bei ya jalada,
bei ya kubadilisha nia.
Nikamshukuru, nikakata, nikaketi.
Hakukosea. Mkono wake ni shamba lake.
Mfuko wangu tu ndio uliokuwa mfupi.

Wa tatu alituma picha zote usiku uleule.
Zinang'aa! Nikafurahi hadi ukurasa wa tano,
nilipohesabu miguu: mitano.
Ukurasa wa sita, kalunguyeye mwingine kabisa,
binamu yake labda,
na macho yao wote yakitazama
mahali ambapo hapakuwa na mtu.
Nikamuuliza alichora kwa nini. Kwa rangi gani?
"Sikuchora," akajibu. "Niliagiza mashine."

Basi Novemba nikapeleka viatu kwa Kulpa,
kisigino cha kushoto kimeliwa na mawe ya barabara.
Kulpa haandiki majina ya wateja.
Huchukua kipande cha boksi na penseli,
akakukodolea macho kama anayepima mguu,
mikwaruzo minne, mitano, basi,
akakufunga kwa kamba kwenye viatu vyako.
Niliporudi Ijumaa nilijikuta nimening'inia
kati ya padri na dereva wa tramu:
kikofia, pua, na mabega ya mtu
aliyebeba kitu ambacho hajakitua.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naonekana.
Nikalipa. Sikuondoka. Nikatoa bahasha mkobani.

"Mimi sijui kuchora kitabu," akasema.
"Najua kuchora watu wasibadilishane viatu."
"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," nikamwambia.

Alitumia alichokuwa nacho, rangi ya viatu:
nyeusi, kahawia,
na ile nyekundu iliyoiva wanayoipenda mawakili.
Alipaka kwa kitambaa, miiba akaikwaruza kwa msumari.
Jikoni kwangu kulinuka nta hadi Krismasi.
Tuligombana juu ya kunguru. Alimvisha miwani.
Miwani ikabaki.

Kisha ukurasa wa kumi na tatu,
theluji inaanguka hatimaye,
sentensi sita nizipendazo kuliko zote,
pamba, unga, sukari, kabati zima nilikuwa nimelimwaga humo.
Akaniletea karatasi tupu.
Chini kabisa, pembeni, pua moja nyeusi.
"Hujamaliza," nikasema.
"Theluji haichorwi," akasema. "Huachwa."

Nilipanda tramu nikiwa na hasira, nikapitiliza kituo.
Usiku nikachukua kalamu, nikaanza kuzifuta.
Tano zilikwenda bila kelele.
Ya sita ilinikalisha hadi saa nane.

Nakala mia mbili zilichapishwa;
sitini zimetoka, nyingine zimelala chini ya kitanda,
zenyewe hazikukataa usingizi.
Jagna aliufungua ukurasa ule,
akaweka kidole juu ya pua, akanyamaza kitambo.
"Bibi," akasema, "mbona hapa pana baridi?"
Nyuma yake, pazia la jikoni lilikuwa likicheza.