Mkono Begani

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Milimani, Kaloleni, Nyalenda hadi bomba linapokoma,
napiga hodi, naandika tarakimu, nafukuzwa na mbwa.
Ila jicho lina kibarua chake cha pembeni:
linatafuta kabati lililopinda mlango,
stoo, dari, uvungu wa kitanda cha marehemu.
Akeyo husema nimeoa mara mbili,
na bi mdogo ni mweusi ti, bapa kama sinia.

Nimezikuta santuri zikifunika mitungi.
Manyatta nimeikuta moja chini ya mguu wa meza
na nyingine, Mungu wangu,
imekunjwa kwa moto ikawa bakuli la vitunguu.
Ile sikuiuliza bei. Niliaga tu.

Ninazo mia tatu na kumi na nne.
Nyingi sizichezi. Usiku nazitandaza sakafuni
nitazame majalada:
vijana sita ndani ya bugaluu,
viatu vya soli nene kama matofali,
gitaa limeelekezwa angani kama bunduki ya ndege;
wino mwekundu umeteleza mtamboni
ukaacha mdomo wa mwimbaji shavuni.
Nyuma, mtu ameandika kwa biki:
*Hii ni ya Onyach. Usiguse.*
Nimegusa, Onyach. Niwie radhi.

Jumapili moja, Kibuye, kwa muuza vyuma chakavu,
nilinunua jalada tupu.
Shilingi thelathini, na ndani hamna kitu.
Rabuor Nyota Jazz. Wimbo: *Sabina*.
Msichana wa gauni la manjano, nywele za uzi,
ameegemea baiskeli, hacheki.
Na begani pake, mkono.
Mkono wa mwanamume, umevaa saa,
mishale kwenye saa nne na dakika kumi,
umekatwa kwenye kiwiko na ukingo wa karatasi.

Miaka mitatu niliitafuta santuri yake.
Niliipata Maseno, ndani ya jalada la kwaya,
imejificha kama mlevi kanisani.

Halafu, Ondiek, mita ya mia nne themanini na saba,
lango likafunguliwa na bega lile lile.
Bega halizeeki kama uso.
Sikusema neno. Mwezi uliofuata
nilikuja na jalada kwapani
na mashine ya sanduku kwenye kikapu cha baiskeli.

Mama Dorsila akavaa miwani, akavua, akaifuta.
“Sabina ni nani?” akaniuliza mimi.
“Mpiga picha alinipa soda moja na nauli ya Ahero.
Hata baiskeli ilikuwa ya posta.
Wimbo wenyewe sijawahi kuusikia.”

Tukausikia. Sindano ilikohoa, ikatambaa,
gitaa la kwanza likaingia likidonoa, la pili likimfuata nyuma,
na mwimbaji, kwa sauti ya mtu aliyeshiba,
akamsifu bwana mmoja mwenye duka la mbolea
aliyelipia studio, na ng'ombe zake, na lori lake,
na mkewe, Sabina, mara moja tu, karibu na mwisho,
kwa chapati zake.

Mama alicheka hadi akashika ukuta.
Kisha hakucheka.
Kidole gumba kilikuwa kimefika ukingoni mwa jalada,
pale kiwiko kinapokatika,
kinasukuma, kinasukuma,
kana kwamba karatasi ina mlango
na mwenye mkono amesimama nyuma yake
akingoja kuambiwa karibu.

“Huyu ni nani, Mama?”

Santuri ilikwisha, ikawa inazunguka bure,
*khhrr, khhrr*, kama mtu anayefagia nyumba jirani.

“Wewe si ulikuja kusoma mita?” akasema.
“Isome.”

Nikainama penye bomba. Uniti tisa.
Mwezi mzima, uniti tisa: maji ya mtu mmoja.

Jalada nililiacha kwake.
Santuri imerudi kwaya.
Akeyo ameniuliza kwa nini nimebakiwa na mia tatu na kumi na tatu,
nami nikamwambia nimekosea kuhesabu.