Kifuniko

Sinaw, saa nane, bati linachemka.
Jenereta la jeshi: Sleyum kalinunua kwa kilo,
rangi ya mchanga imebanduka, namba bado ipo.

Linawaka. Dakika nne. Likikohoa mara mbili, kimya.

Nimebadili filta, nimetoa upepo kwenye nozeli,
dizeli imeniingia hadi kuchani.
"Limegoma kama askari asiyelipwa," anasema Sleyum,
na maji ya mitende yake
yamelala chini kisimani.

Magharibi nikalegeza kifuniko cha tangi:
fyuu! Likavuta pumzi.
Katundu ka hewa, nyigu kakaziba kwa udongo,
humo kalea wanawe.

Nikakazibua kwa pini ya ushungi wa mama.

Linanguruma mpaka sasa.
Nyigu anazunguka tangi,
anatafuta mlango.