Uzibe kwa Nini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Ila hawakusema uzibe kwa nini.

Nimepiga magoti bafuni kwa Bi Mwanamvua,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
mbele ya kibaraza chake cha kutawadhia.
Pana kona hapa:
nikiipatia, hakuna atakayeiona;
nikiikosea, itamchana muundi mwenye nyumba
ambaye macho yake yana ukungu mwaka wa nne sasa.

Jana Mbaruku alivipeleka vigae kwenye grainda,
vya kauri, vyeupe, mshipa wa kijivu,
akavinyoa ubavu kwa nyuzi arobaini na tano,
kila kimoja kikipoteza kitu ili kikutane na mwenzake.
Maji yakaruka, vumbi likawa uji,
uji ukamganda nyusi, kijana akazeeka ghafla.
Kigae cha hivyo hubaki na mdomo mwembamba kama wembe,
na wembe haupendi haraka:
kikamegeka hapa, kikamegeka pale,
vijino vya panya juu mpaka chini.

"Tutie grauti, fundi. Nani atajua?"

Grauti! Hii ni Tanga, baba.
Hapa chumvi hulia machozi koponi,
viatu vya sikukuu huota ukungu vikingoja sikukuu.
Grauti ya ukingoni
huaga na ndoo ya kwanza itakayoigonga.

Lete vile vichupa viwili.
Rezini mbili, kigumishi moja,
kwa mizani ya shemeji yangu sonara, si kwa jicho.
Kwa jicho nilipima mara moja, kule Raskazone,
kona ikakaa wiki tatu inanata kama utomvu wa fenesi;
nzi wawili wamo humo hadi leo, wamenyoosha miguu.

Rangi nyeupe, tone.
Kijivu, ncha ya kijiti cha meno,
pale tu mshipa unapokata kona,
ili kigae kidhani hakikukatwa kamwe.
Koroga kama umkorogeaye mgonjwa uji,
si kama muuza juisi. Povu likiingia halitoki.

Ubavu tulishaufuta kwa thina,
utepe tumebandika huku na huku.
Nikaisukuma gundi kwa bapa la kisu, chini kwanza,
ufa ushibe mpaka ucheue wenyewe.
Kikombe kikaanza kupata homa mkononi:
dakika ishirini, hazizidi.

Hapo simu ikaita.
Jina kwenye kioo: Hoza, Muheza.
Miaka sita. Michungwa ya baba, mistari minne ya michungwa,
na neno moja nililolitamka mbele ya watu msibani.
Mkono ukasimama. Pumzi mbili, tatu.
Nikaiacha iite.
Mbaruku alitazama dari, ambalo halina kitu cha kutazama.

Leo nimenyoa kwa wembe niliolaza,
kisha msasa, mia mbili, mia nne, mia nane, kwa maji,
nikaupoza ule ukali ukawa mviringo mdogo
kama ukingo wa sahani ya wali.
Mbaruku aliutafuta ufa kwa tochi, akaukosa, akaapa.

Bi Mwanamvua hakutaka tochi.
Alichutama, akatembeza kidole kutoka juu,
polepole, kama asomaye msahafu akihofia kukosea irabu.
Akafika katikati. Akarudi nyuma kidogo.

"Hapa ulisita."

"Simu, bibi."

"Nani?"

"Kaka yangu."

"Ukapokea?"

Nikatazama kikombe cha jana, pale dirishani:
gundi iliyobaki imekuwa jiwe,
na kijiti cha kukorogea
kimesimama ndani yake, wima,
hakianguki, hakitoki.