Mbung'o Mwenye Kizibao

Kiingilio shilingi mia tano, wa mgongoni bure.
Jenereta inakohoa nyuma ya mabati,
na mimi, kipaza sauti mkononi,
ndiye ninayelipwa kuwageuzia watoto maneno.
Hapa Buvuma kuna wa Kongo, wa Teso, wa Busia,
na Wavuma wenyewe, wachache
kama karanga zilizosalia kikaangoni.
Kiswahili ndicho kinachotukalisha benchi moja.

Katuni ni mpya. Kasha lake linadai
imetokana na kisa cha kweli,
inafaa kwa familia nzima.

Anatokea mbung'o. Kizibao chekundu, miwani, viatu vya ncha.
Kila akimuuma mtu anapiga mwayo kwa madaha,
na mtu analala fofofo, anakoroma mpaka paa linapepea.
Kicheko kinaangusha benchi.
Namtia sauti ya puani, kama karani wa forodha.
Apolot, wa mstari wa mbele, anajitupa mchangani:
ameumwa, amelala.

Nalwoga, mama yake bibi yangu,
alimwona kaka yake Mukalazi akisinzia na chakula mdomoni.
Hakukoroma.
Alivimba nyuma ya shingo, akakonda
hata nguo ikakosa kiuno cha kushika.
Mchana alilala juani kama mjusi,
usiku macho makavu, akimtukana mtu asiyekuwepo.
Wakamfunga kwenye nguzo asitumbukie motoni.
Fundo alilifunga Nalwoga.
Alikuwa na umri wa Apolot.

Kwenye kioo, kiboko mwema anawavusha watu kwenda bara,
watano watano mgongoni, wakipunga mikono,
na kisiwa kinabaki nyuma, kijani, kikiwangoja.

Hakuna askari anayehesabu vichwa ufukweni.
Hakuna nyumba inayoungua na kinu chake ndani,
wala mbwa walioachwa, wakibweka
siku baada ya siku,
mpaka upepo ukakosa cha kuleta.
Nalwoga alirudi mtu mzima, ana meno pungufu,
akakuta msitu umekaa mahali pao.
Uwanja wa kwao aliutambua kwa jiwe la kusagia.
Nguzo hakuiona.

Niseme?
Kiyimba mwenye kibanda yuko mlangoni, analamba kidole, anahesabu noti.
Alishanionya: hapa si msibani.

Na si uongo wote, katuni ile.
Mbung'o alikuwepo. Ziwa lipo. Watu walihama.
Hata kicheko kilikuwepo: Mukalazi, kabla ya ugonjwa,
aliwaigiza wakwe wakila, watu wakashika mbavu.
Labda mchoraji, huko aliko, aliusikia uvimbe wa shingo,
akauchora, akautazama,
akakumbuka wanawe,
akachukua kifutio.
Simlaumu sana. Kidogo.

Tunafika mwisho. Waliolala wanaamka wote kwa pamoja,
wananyoosha viungo, wanaitana.
Kuna kijana mmoja nyuma yao, hana jina,
anafikicha macho, sekunde tatu, anapita.
Mdomo wake haufunguki hata kidogo.

Nasogeza kipaza sauti.
"Mimi Mukalazi," nasema, kwa sauti yangu mwenyewe.
"Nani amenifungua kamba?"

Jenereta inakohoa.
Apolot anainua kichwa, mchanga shavuni.

"Kwani alikuwa amefungwa?"