Halijiuzi, Halijitembezi

Baridi ya tatu hii,
na bado lipo palepale nyuma ya kioo,
jekundu la kuiva, rangi ya ini,
milango imeinuliwa juu
kama mabega ya mtu aliyeulizwa asilolijua.

Eilert, muuzaji, hanyanyuki tena nikiingia.
Birika ananionyesha kwa kidevu.
Mwaka wa kwanza alinifuata na kitambaa
akifuta alama za vidole vyangu kabla sijaziacha.
Siku hizi hunirushia ufunguo
na kurudi kwenye fumbo lake la gazeti.
"Mji wa Italia, herufi sita, waanza na T."
"Torino," namwambia,
kisha sote tunanyamaza,
maana ndiko liliko tumbo lililolizaa,
na huko zamu mbili zimekuwa moja,
na moja, wasemavyo, inahesabiwa siku.

Waliahidi magari mia tatu.
Wameunda themanini na moja.
Yaliyouzwa hapa kaskazini
Eilert huyahesabu kwa mkono mmoja,
na kikombe hakiweki chini.

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hili halijiuzi.
Halijitembezi.
Limekaa tu, farasi mia saba zizini,
wanakula vumbi la Trondheim.

Nina fedha. Nisijifiche hapo.
Mwezi wa tano niliuza fungu langu
la kiwanda cha mbao cha marehemu baba,
na tangu hapo masikio yangu yanatafuta msumeno.
Usiku napiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
wakifunga kiwanda, litakuwa yatima,
nani atanitafutia pampu, nani kioo cha taa?
Wakifunga kiwanda, litakuwa adimu,
na adimu ni binamu yake ghali.
Chanzo kimoja, mikia miwili,
na kila nikishika mmoja
mwingine unanichapa usoni.

Bei imeshuka mara nne.
Kila ikishuka hatua, nami narudi hatua,
nikiingojea ya tano,
kama mtu anayemngoja mgonjwa azidiwe
ndipo aende kumjulia hali.

Ragnfrid, mke wangu, jina lake la Kiitaliano
hulitamka kama aina ya tambi.
"Barabara yetu mwisho themanini," asema,
"na miezi mitano ni chumvi na barafu.
Sema kweli: wataka gari,
au wataka siku moja uambiwe ulikuwa na akili?"
Nikamwambia nitafikiri.
Akasema, "Hilo ndilo unalolipenda,
kufikiri. Na halina ushuru."

Jumamosi niliingia tena ndani yake.
Kuingia ni kuanguka; kutoka ndiko kazi.
Goti la kushoto halikubali,
nikatoka kwa mikono, kama mtoto atambaaye,
na Eilert akaitazama dari kwa heshima.
Lakini kabla ya hapo nilikaa.
Kilomita kumi na moja zimeandikwa:
bandarini hadi hapa, basi.
Harufu ya ngozi ambayo haijakaliwa na huzuni ya mtu.
Betri ilikuwa imekufa.
Nikashika usukani, nikasikia,
naapa, nikasikia msumeno.

"Utanishikia hadi theluji iyeyuke?" nikauliza.
Eilert akaweka kalamu.
"Gari naweza," akasema.
"Mimi mwenyewe sijui kama nitakuwepo."
Wanaotoka Oslo kukagua vitabu vya hesabu
wanakuja wiki ijayo, wana tai na hawanywi kahawa.

Nikatembea hadi nyumbani kwa mguu, polepole,
magari madogo ya umeme yakinipita bila sauti,
na mlangoni, nikitafuta ufunguo wa nyumba,
mkono ukatoka na ule mwingine,
mzito, mwekundu, wenye nembo.

Leo ni jioni ya tatu.
Upo mezani kando ya bakuli la viazi.
Ragnfrid anaula chakula chake akiuzunguka
kama unavyomzunguka mgeni asiyesema anaondoka lini.
Eilert hajapiga simu kuuulizia.
Wala mimi.