Uzi Juu ya Ramani

Machi, na bahari ya Turku bado iko chini ya barafu.
Motaboti tuliyomnunulia mjane wa Naantali
imesimama uani juu ya trela, imevikwa turubai,
na theluji imeikalia mgongoni
kama mgeni asiyejua kuaga.

Sisi tuko jikoni. Ramani imetandazwa mezani,
pembe moja imebanwa na birika, ya pili na kopo la sukari,
ya tatu na kiwiko cha Ensio.
Ya nne inajikunja, inajikunja,
hadi Oiva anaiwekea kiatu chake.

Natoa uzi mwekundu kwenye kikapu cha kushonea.
Naulaza toka gati letu, naupitisha kando ya maboya,
katikati ya vidoti ambavyo kila kimoja ni mwamba
(Ensio anasema mchoraji alipiga chafya
akiwa na wino mdomoni),
hadi Utö, penye mnara wa taa.
Baada ya hapo ni buluu ya karatasi tu.
Nakata. Napima kwa rula.
Maili hamsini, kasoro kidogo.
Kwenda tu.

Ensio anapiga hesabu nyuma ya bili ya umeme:
theluthi ya tangi kwenda, theluthi kurudi,
theluthi ya Mungu.
Anarudia mara tatu, na kila mara
petroli inapanda bei pale pale mezani.
"Utö haikimbii," anasema.
Uzi wa kwanza naufunga kwenye kishikio cha kabati.

Wiki iliyofuata nikakata wa Jurmo.
Kisha wa Nauvo, penye gati la wageni,
choo, sauna, na aiskrimu ya Oiva.
Iines, mwenye miaka tisa, ndiye katibu.
Daftari lake lina makoti manne ya kuokolea,
nanga, tochi, kamba mbili, karata,
mkate mweusi, dawa ya kichefuchefu,
na sentensi moja aliyoipigia mstari mara mbili:
*Mama asipige kelele tukifunga gatini.*

Nilipiga kelele mara moja tu!
Boti ilikuwa ya kuazima, upepo unatusukuma ubavuni,
na watu kwenye boti zao wameshika vikombe vya kahawa
wakitutazama kama sinema.

"Visiwa vimefungwa kwa kamba gani?" Oiva akauliza.
Ensio akafungua mdomo, akaufunga.
"Na usiku, nani anavishika?"

Mimi ni mtoto wa Kauhava, wa mashamba ya shayiri,
ardhi tambarare kama meza hii.
Maji ya kwetu yalikaa kisimani, yakingoja ndoo.
Ensio anadhani uzi unafupishwa na petroli.
Sijamwambia.

Uzi wa nne haufiki urefu wa kidole changu.
Seili. Zamani walipelekwa huko wenye ukoma,
na inasemekana kila mmoja alikwenda na mbao
za jeneza lake mwenyewe.
Sisi tutakwenda na karata na mkate.
Tutakula, tutatembea hadi kanisa la mbao,
tutarudi kabla ya saa kumi.
"Hiyo si safari," Iines akasema, "hiyo ni kwenda dukani."
Akaiandika hata hivyo.

Aprili, barafu ikaanza kupasuka usiku,
mlio kama mtu anayehamisha kabati nyumba ya pili.
Jumapili tukavua turubai.
Ndani kulikuwa na majani makavu, nyigu mmoja aliyekufa,
na glavu ya mkono wa kushoto, ya mwanamume,
ambayo hakuna aliyetaka kuitupa.
Tukavaa makoti, tukapanda, sote wanne,
juu ya trela, juu ya matope.
Oiva akashika usukani.
Iines akatangaza upepo: kusini magharibi, wa wastani.
Ensio akachukua kamba, akalenga mti wa tufaha,
akakosa.
Akavuta, akalenga tena.
Dirishani kwake, Bi Lahja alikuwa amesimama na kikombe chake.

Nikapiga kelele.

Iines akafungua daftari.